Maneno ya Mvita, Mahadhi ya Bombay

Chukua mstari mmoja wa shairi: "Pepo za kusi zavuma, jahazi langu lasita." Umetungwa kwa ajili ya sura hii tu. Ukihesabu mizani utapata 16, minane ukwapi na minane utao, na baina yake pana kituo kidogo cha kushusha pumzi. Mtoto aliyekulia Kibokoni au Kuze, mitaa ya Mombasa, hana haja ya kufundishwa hesabu hiyo ubaoni. Ameisikia tangu utotoni katika mashairi, katika kasida na katika nyimbo za harusi, na mstari ukizidi mzani mmoja hukunja uso hata kabla hajajua ni nini kilichomkera.

Sasa chukua wimbo wa filamu ya Kihindi wa miaka ya 1950. Mahadhi yake yalitungwa kuyabeba maneno ya Kihindi au Kiurdu, lugha ambazo ushairi wake wa kale hupima silabi ndefu na fupi. Sauti inavutwa mahali fulani kwa sababu hapo palikuwa na silabi ndefu. Kiswahili hakina hesabu hiyo. Chenyewe huhesabu silabi zote sawasawa, kisha hukaza sauti kwenye ile ya pili kutoka mwisho wa neno. Tuseme mahadhi ya Bombay yanavuta sauti kwenye mzani wa sita. Katika mstari wetu, mzani wa sita ni "za" ya "zavuma", kiambishi tu kisicho na uzito. Mwimbaji akiivuta, "zaaavuma", neno linavunjika na msikilizaji wa Mombasa anasikia kosa. Basi mtunzi analivua neno na kuvika jingine: "Kusi mwaka huu kali." Mizani ni minane vilevile, lakini wa sita sasa ni "u" ya pili ya "huu", sauti ambayo kwa maumbile yake inavutika. Mahadhi yamekaa. Ila kina cha kati kimegeuka kutoka "ma" kuwa "li", na mistari yote inayofuata lazima ianze kutungwa upya.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanyika Mombasa zaidi ya nusu karne iliyopita, bila kompyuta, bila mitambo ya kukata na kuunga sauti. Ma-DJ wa leo huita sanaa ya kuunga nyimbo mbili mashapu. Sura hii itaiita mseto, kwa kuwa jina hilo watu wa Pwani wanalijua tangu jikoni. Pana tofauti moja tu. Mseto wa pojo mzuri ni ule ambao wali na pojo vimepondana hata huvitenganishi. Mseto wa muziki hufa pale pale vitu vyake viwili vinapopotezana. Anayeusikiliza sharti azisikie nyimbo zote mbili kwa wakati mmoja, aikumbuke ile ya kwanza huku ya pili ikimwingia.

*

Wahindi hawakuletwa Mombasa na filamu. Wafanyabiashara kutoka Gujarati na Kachchh walikuwa wakija na kaskazi na kurudi na kusi kabla ya reli kuanza kujengwa mwaka 1896. Wabaluchi walikuwa askari wa Ngome ya Yesu chini ya masultani wa Oman, na wajukuu zao wangali Mji wa Kale. Mabohora wana misikiti yao na maduka yao humo humo. Sauti ya Kihindi ilikuwa ya jirani.

Kilichobadilika ni wingi wa nyimbo. Baada ya vita vya pili vya dunia sinema za Mombasa, kama Regal, Majestic na Naaz, zilionyesha filamu za Bombay, na waliojaa humo hawakuwa Wahindi peke yao. Waswahili waliingia, wengi wao bila kujua Kihindi, wakatoka na mahadhi kichwani. "Awaara" ya Raj Kapoor ilitoka 1951, "Mother India" 1957, "Mughal-e-Azam" 1960. Sauti za Mohammed Rafi, Lata Mangeshkar na Mukesh zikawa sauti za nyumbani.

Redio nayo ilichangia, na sababu yake inashangaza. Mwaka 1952 waziri wa utangazaji wa India, B. V. Keskar, aliziondoa nyimbo za filamu katika redio ya taifa akiziona za ovyo. Wasikilizaji wakahamia Radio Ceylon, iliyokuwa na mitambo ya masafa mafupi yenye nguvu kubwa, na mwaka huo huo Ameen Sayani akaanza kutangaza "Binaca Geetmala", kipindi cha kupanga nyimbo za filamu kwa umaarufu wake. Masafa mafupi hayajui mipaka. Wimbo uliofukuzwa Delhi ukavuka bahari ukitokea Colombo, ukafika Afrika Mashariki.

*

Jina lisilokosekana katika habari hii ni la Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa 1942 na kufariki Aprili 2014, ambaye mashabiki wake walimwita Profesa. Hakuna mwimbaji aliyeipandisha hadhi tarabu ya Kihindi, yaani ya maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu, kuliko yeye. Wanaomtaja kuwa mwigaji wa Wahindi husahau upande wa pili wa nyimbo zake: maneno. Mengi aliyatungiwa na binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi ambaye tungo zake zilichapishwa Marekani mwaka 1966 na ambaye "Malenga wa Mvita" ni diwani inayosomwa hadi leo. Huyu ni mtu wa vina na mizani, wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilichokomaa, mrithi wa Muyaka bin Haji aliyekuwa akijibizana kwa mashairi hapo hapo Mombasa karne ya 19. Mahadhi ya Bombay yalipokutana na maneno ya Ahmad Nassir, yalikutana na sanaa kongwe isiyokubali kuburutwa.

Lugha yenyewe pengine ilisaidia. Kimvita kina sauti ambazo Kiswahili sanifu kimezipoteza: "t" ya meno mbali na "t" ya ufizi, na konsonanti zenye mpumuo mbali na zisizo nao, hata "paa" la nyumba na "paa" wa mwituni husikika tofauti mdomoni mwa mzee wa Mji wa Kale. Kihindi nacho kina tofauti za namna hiyo. Mswahili wa Mvita anapoimba kwa mtindo wa Rafi, ulimi wake tayari unazo nyenzo ambazo mtu wa bara hana. Labda ndiyo sababu waimbaji wa Mombasa waliweza kuiga si mahadhi tu bali hata mikunjo ya sauti, ule mtetemo wa mwisho wa neno, na kilio kinachopanda puani kabla hakijashuka kifuani, na bado kila neno likabaki la Kiswahili.

Umbo la wimbo wa filamu nalo lilikubali kukaliwa. Wimbo wa Bombay huanza na kipande kinachorudiwa, kiitwacho mukhda, kisha hufuata vipande vyenye mahadhi tofauti, antara, na kila baada yake mukhda hurudi. Mswahili anakiona kibwagizo na beti. Baina yake vyombo hupigwa peke yake, na katika harusi nafasi hiyo si ya kupumzika. Ndipo watu huinuka wakaenda kumtunza mwimbaji, noti ikashikwa juu ili aliyekusudiwa na ubeti uliopita ajue ameambiwa yeye. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya wapenzi wawili kwenye bustani ya studio sasa unabeba kijembe cha mtaa.

Hapo mseto unaanza kuwa na maana yake mwenyewe. Waliokaa vitini barabarani usiku wa harusi walikwisha kuiona filamu. Mahadhi yakianza, wanamwona mwigizaji Nargis au Dilip Kumar machoni, wanajua ni pahala gani pa huzuni. Kisha maneno ya Kiswahili yanawajia na habari nyingine kabisa: usaliti wa rafiki, wasia, fumbo la samaki na mvuvi. Huzuni ya filamu inabaki chini kama mkondo, fumbo linapita juu yake. Mtunzi hodari alijua kuchagua mahadhi ambayo kumbukumbu yake ingeyanong'oneza maneno yake, au ingepingana nayo.

*

Vyombo vya wanamuziki wa Mombasa navyo vilikuwa na historia ya mseto. Kinanda cha kupuliza kwa mkono, ambacho Wahindi huita harmonium, kilitoka katika chombo kilichosajiliwa Paris mwaka 1842 na Alexandre Debain. Kilikuwa kikubwa, cha kukanyaga kwa miguu. Mwaka 1875, Calcutta, Dwarkanath Ghose alikitengeneza kiwe cha kuweka sakafuni na kupuliza kwa mkono mmoja huku mwingine ukibonyeza, kwa sababu wanamuziki wa India hukaa chini. Hicho ndicho kilichovuka hadi Mombasa.

Tashkota ina safari ndefu zaidi. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Goro Morita, aliyechukua nyuzi za chombo cha jadi akazifungia vitufe vilivyofanana na vya taipureta. Mkono mmoja hubonyeza vitufe, mwingine hupiga nyuzi. Ilifika India ikapewa jina la bulbul tarang, kisha ikaingia pwani ya Kenya na jina lake la Kijapani, taishogoto, lililolainishwa na ndimi za Waswahili. Mafundi wa Mombasa wakaiunganisha na umeme. Sauti yake ilipotoka spikani, kali kama bati la mvua, ikawa alama ya tarabu ya mji huo kiasi kwamba ukiisikia sekunde tatu unajua hapa si Unguja.

Na ngoma? Muziki wa filamu ulitegemea sana mizunguko miwili: keherwa ya mapigo 8 na dadra ya mapigo 6. Chakacha, ngoma ya wanawake wa Pwani, huyumba kwa sita sita. Ukiwa na wimbo wa dadra mkononi, mpigaji wa Mombasa anaweza kuteleza kutoka kwenye tabla hadi chakacha bila mwimbaji kugeuza chochote. Kiuno kinajua kabla ya sikio. Mlango huo aliupita Zuhura Swaleh, mwimbaji aliyekuwa na kundi lake. Nyimbo zake ni nyepesi za kucheza, tashkota mbele, chakacha chini. Maulidi Juma na kundi lake la Musical Party walikuwa wakipita huku na huku katika harusi moja, wimbo wa filamu ukifuatwa na chakacha. Mwaka 1990 lebo ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya kundi hilo iitwayo "Mombasa Wedding Special", na anayetaka kusikia namna mizunguko inavyopeana nafasi aanzie hapo.

*

Si kila mtu alipendezwa. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Mombasa, aliushika udi na mahadhi ya Kiarabu na ya Kiswahili, akayaimba mashairi ya kale na kufanya kazi na mtaalamu wa lugha Ahmed Sheikh Nabhany. Mtu aliyekaa usiku kucha akitafuta mahadhi ya kulistahili shairi la miaka 150 ana haki ya kuudhika akiona mwenzake ameyatoa yake sinema. Hoja ya upande huo ni nzito: ukizoea kuazima, utasahau kutunga. Mombasa ilibishana juu ya hilo miaka mingi, na ubishi ukagusa jambo kubwa kuliko muziki, yaani Mswahili ni nani, na bahari yake inamfungua kuelekea wapi, Arabuni, India au bara.

Hoja hiyo, kwa uzito wake wote, inakosea mahali pamoja. Inachukulia kwamba kilichoazimwa kilikuwa kitu kizima, kisafi, mali ya India. Muziki wa filamu wa Bombay haukuwa hivyo. Studio zake zilijaa wanamuziki wa Goa, Wakristo waliojifunza fidla na tarumbeta katika shule za parokia na kupiga jazi hotelini. Walioandika nota za vyombo vingi ni kina Sebastian D'Souza na Anthony Gonsalves. C. Ramchandra aliingiza midundo ya Amerika ya Kilatini katika "Albela" ya 1951, na mwaka 1957 akaifanya "Aasha" icheze roki. Kilichoshushwa bandarini Mombasa kilikuwa mseto tayari. Waswahili waliongeza tabaka lao.

Wala hawakuwa peke yao. Kano, kaskazini mwa Nigeria, waimbaji wa bandiri huweka sifa za Mtume kwa Kihausa juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi, wakipiga matari. Indonesia ilizaa dangdut, ambayo Rhoma Irama aliijenga kwa tabla, gitaa la roki na mahadhi yenye harufu ya Bombay. Mombasa ilikuwa na jambo moja ambalo linaifanya istahili sura yake yenyewe: hesabu ya mizani iliyokuwa kali kuliko mahadhi yaliyoazimwa, hata mahadhi yakalazimika kuinama.

Biashara iliufuata muziki. Duka la Assanand & Sons, la familia ya Kihindi, lilirekodi waimbaji wa Kiswahili na kuwatolea santuri kwa lebo ya Mzuri. Kina Yaseen na Matano Juma waliuzwa pamoja na santuri kutoka India, na mteja mmoja angeweza kuubeba wimbo na chimbuko lake katika mfuko mmoja. Zilipokuja kaseti, Mbwana Radio Service na wengine walinakili maonyesho ya harusini, pamoja na vigelegele na kikohozi cha shabiki aliyekaa karibu na maikrofoni. Katika nakala hizo ndimo unamosikia msikilizaji akiyatambua mahadhi: kelele hupanda kwenye sauti za mwanzo, kabla neno halijatamkwa, kisha watu hunyamaza ghafla kusikiliza maneno mapya.

*

Ulimwengu wa muziki wa Magharibi ulikuja kuijadili sanaa hii kwa sauti kubwa mwaka 2004. Danger Mouse, mtayarishaji wa Marekani, alichukua sauti ya Jay-Z kutoka "The Black Album" ya 2003 akaiweka juu ya vipande alivyokata katika albamu nyeupe ya The Beatles ya 1968. Akaiita "The Grey Album". Kampuni ya EMI ikadai isisambazwe tena. Tarehe 24 Februari 2004 tovuti nyingi ziliigawa bure kwa siku moja kupinga, na watu wakaanza kuuliza kama kuunganisha ni kuumba.

Swali hilo Mombasa ilikuwa imelijibu kwa vitendo, ila kwa njia nyingine. Danger Mouse aliunganisha rekodi mbili. Mpigaji wa Mombasa hakugusa rekodi. Aliyabeba mahadhi kichwani, akayapiga upya kwa mikono yake, akayavika shairi ambalo halikuwepo. Kisheria mahadhi yana mwenyewe hata yakipigwa upya, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda muziki na maneno vyote viwili. Mtunzi wa Bombay alistahili kutajwa na kulipwa, na hilo lisemwe bila kuzunguka. Kustahili kwake hakuondoi kazi ya aliyekaa Mkanyageni na daftari akiihesabu mizani.

Leo kazi hiyo imerudi katika mikono mipya. Tangu Novemba 2019, kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilipotoa bure programu iitwayo Spleeter, mtu yeyote mwenye kompyuta ya wastani anaweza kulisha wimbo wa zamani na kupata sauti ya mwimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine. Rekodi ambayo mwimbaji, kinanda, tashkota na tabla vilibanana katika maikrofoni moja inaweza kufumuliwa, ingawa tashkota ni mkaidi: sauti yake iko karibu mno na ya binadamu, na mara nyingi hubaki imemng'ang'ania mwimbaji kama uzi kwenye kanzu.

Tatizo la pili ni mwendo. Mpigaji tabla wa harusi hana saa. Huanza taratibu, watu wakichangamka naye huchangamka, na mwisho wa wimbo uko mbio kuliko mwanzo wake. Mashine inataka mapigo yasiyobadilika dakika nzima. Kijana anayeutengeneza mseto lazima aukate wimbo vipande vipande, auvute hapa, aubane pale, mpaka ukae juu ya mdundo wake. Na mashine hukata kwa kuhesabu mapigo, nne, nane, kumi na sita. Haihesabu silabi.

Turudi kwenye mstari wetu, na tuufikirie ukiimbwa katika kaseti ya zamani kisha ukiingizwa kwenye duara la mapigo manane. "Pepo za kusi zavuma" inaingia vizuri. "Jahazi langu lasi..." na duara linafunga, ngoma inarudi mwanzo, mzani wa kumi na sita umebaki nje. Kina kimekatwa. Mtu asiyejua mashairi ataridhika, kwa kuwa mdundo uko sawa. Aliyekulia Kuze atakunja uso ule ule wa utotoni, ataisogeza alama ya mwanzo nyuma kwa nusu pigo, atasikiliza tena, ataisogeza kidogo zaidi, mpaka "ta" isikike yote, na ndipo ataiachia ngoma iingie.